Meno ya Jabez

Reuben Garrod alikuwa fundi wa fanicha kuukuu katika mji mdogo wa Halesworth, na tangu mdogo wake Jabez aende Kanada mwaka 1931 hakuchukua mwenzi mwingine wa kazi. Wote wawili walifundishwa na baba yao, wakawa bega kwa bega karakanani, mpaka siku Reuben alipomcheka mwenzake mbele ya wateja.

"Hebu tazameni meno haya," alisema, akiinua droo aliyoiunga Jabez na kuonyesha meno ya mbao yanayoumana pembeni. "Farasi akiyaona atadai ni yake."

Watu wakaangua kicheko. Jabez akaiweka patasi chini, na kabla ya mwezi kwisha akapanda meli. Ikapita miaka ishirini na saba bila hata mstari mmoja wa barua.

Ndipo Bi Thirza Aldous, mjane wa shambani, alipomletea Reuben kabati la droo la mti wa mjozi, urithi wa bibi wa bibi yake. Usoni lilibandikwa vipande vya mjozi vyembamba kama ukucha, vilivyopasuliwa kwenye gogo moja na kupangwa hata mistari ya mti katika droo hii ikatazamana na ya mwenziwe. Uso ulikuwa mzima. Droo ya chini ndiyo iliyobunguliwa na wadudu.

Reuben akaichomoa, akaipindua. Pembeni, pale mbao zinapoumana, meno yalikuwa mapana, yameinama kidogo upande wa kushoto. Jabez alikuwa na shoto. Reuben akavuta kigoda akaketi.

"Nani aliwahi kuigusa hii?"

"Ni mdogo wako," alisema Bi Aldous. "Aliitengeneza wiki ileile aliyoondoka. Alikula andazi la nyama jikoni kwangu, hakubakisha hata chembe."

"Alisema lolote?"

"Alisema wewe una mkono mzuri kuliko wake. Nikamwambia, basi si umwambie mwenyewe? Akasema, 'Yule? Atavimba kichwa mpaka akose kofia.'"

Reuben akapitisha kidole juu ya meno yale.

Alibadilisha ubao wa chini tu. Pembe hakuzigusa, zilikuwa zimeshikana kama siku ya kwanza. Kisha akamwandikia Jabez barua kwa anwani pekee aliyoijua, ya kiwanda cha mbao huko Ontario, Kanada, ambako Jabez alikuwa ameahidiwa kazi alipoondoka. Ilirudi mwezi wa Februari, imegongwa mhuri kwamba mwenyewe hajulikani.

Tangu hapo, kila mwaka majani yalipoanza kupukutika, alikwenda shambani kwa baiskeli kulipaka kabati nta, ingawa halikuhitaji. Uso aliumaliza upesi. Droo ya chini ilimchukua saa nzima.

"Bwana Garrod," Bi Aldous alimwuliza safari moja, "lau angeingia sasa hivi, ungemwambia nini?"

Reuben alikipitisha kitambaa cha nta kwenye pembe ya droo.

"Ningemwambia avue koti, chai ingali moto," akasema. "Hayo mengine tungeyafikia polepole."

Bi Aldous akainuka, akaenda kuongeza kuni chini ya birika la chai.