Siku Spika Zilipomzimikia Mwalimu

Mtaa mzima ulimwita Haloo, na mkewe pia alimwita hivyo, hasa akiwa amekasirika. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa kukodisha spika: harusini, misibani, kwenye mikutano ya shule, hata kwenye ufunguzi wa duka la mtu aliyetajirika ghafla na anataka majirani wajue. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nyaya zilining'inia ukutani zikiwa zimekunjwa vizuri, maiki alizivisha soksi kuukuu zisiingie vumbi, na mezani ilikaa amplifaya kubwa aliyoifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso. Mkewe alikuwa akisema kwamba laiti yeye angekuwa na vitufe, naye angeangaliwa.

Haloo alikuwa mwanachama wa chama tangu ujana wake, lakini hakuwa na mtu wake. Katika siasa hilo ni jambo gumu kuliko linavyosikika. Mwenye mtu wake anajulikana, anasalimiwa na hawa na kununiwa na wale, mambo yakaisha. Asiye na mtu anatazamwa kwa jicho la pembeni na wote. Haloo hakuvaa kofia ya mgombea yeyote wala hakupiga makofi, na akiulizwa yuko kambi gani alijibu, "Kambi ya umeme."

Watu walicheka, lakini walimwamini. Kukizuka ubishi kuhusu nani alitamka nini mkutanoni, walimwendea yeye, na alichosema kilimaliza maneno. Wala tusimpambe sana, maana alikuwa mkaidi na mwenye kununa, na mtu akimkanyagia waya alikuwa anamsema wiki nzima. Ila neno lake lilisimama, na yeye alilionea fahari jambo hilo kuliko alivyokubali kukiri.

Mwaka ule chama kilipasuka katikati. Wakubwa wa taifa walikuwa wameacha kusalimiana, na huku chini wadogo wakawaiga. Wilayani walishindana wawili kuwania uenyekiti. Mmoja alikuwa Mwenyekiti, aliyekalia kiti kile mpaka watu wakasahau kwamba kina mguu wa kuondokea. Wa pili alikuwa Mwalimu, mwalimu kweli, aliyestaafu na ambaye nusu ya mji ilipitia darasani kwake. Zamani walikula sahani moja. Sasa kila mmoja alimwona mwenzake mwizi hata akiwa amelala.

Siku chache kabla ya uchaguzi, wapambe wa pande zote walikuja karakanani kwa Haloo, kila upande na wasiwasi wake. Hawa walisema atawapunguzia sauti, wale wakasema atawakatia kabisa. Haloo alikereka. Mtu aliyeaminiwa maisha yake yote, leo anaambiwa hivyo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hasira, akatoa wazo ambalo baadaye alilijutia sana.

"Basi leteni watu wenu," alisema. "Kila kambi mtu mmoja, wakae kwenye mashine. Mimi nitafunga nyaya, nitapima sauti, kisha nitakaa pembeni. Mkono wangu hautagusa kitu."

Wakafurahi. Kila upande ulitoka ukisema Haloo ni muungwana.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walinzi wawili waliketi mbele ya amplifaya magoti yakigusana, na Haloo akakaa nyuma yao kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Mwenyekiti alipoanza kuhutubia, mlinzi wake alijikuna shavu, na mkono ulipokuwa ukishuka ukapitia kwenye kitufe na kuongeza sauti. Mlinzi wa Mwalimu akakohoa, akairudisha chini. Wa kwanza akaipandisha tena. Vilikuwa vichekesho kwa mtu asiyejua mashine. Haloo aliyeijua alihesabu kila mzunguko kama kofi.

Zamu ya Mwalimu ilipofika, ukumbi ulitulia. Mwalimu hakuwa mpiga kelele, alizungumza na watu kama anayewasomesha wanawe. Mlinzi wake akaona sauti haitoshi. Akazungusha kitufe mpaka mwisho, na yule mwenzake, kwa mara ya kwanza siku ile, hakumzuia. Haloo akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Akainuka, akanyoosha mkono.

"Mkono, mzee," walinzi wote wawili walisema kwa pamoja.

Akaurudisha. Hakupita muda, spika zikalia krr, zikanyamaza. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye habari za fedha za chama zilikoishia. Midomo yake iliendelea kucheza, lakini waliosikia ni wa viti vya mbele tu, na wa viti vya mbele walikuwa watu wa Mwenyekiti.

Kura zilipigwa na Mwalimu akashindwa kwa tofauti ndogo. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeenea mji mzima: Haloo kauza maiki.

Alijaribu kueleza. Alisimulia habari za kitufe na walinzi, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mtu mwenye la kuficha. Mambo yakazidi kuharibika Mwenyekiti alipokuja na gari lake hadi mlangoni, akashuka mbele ya mtaa mzima, akamkumbatia.

"Ndugu yangu, sitakusahau," alisema.

"Mheshimiwa, mimi sikukufanyia lolote."

"Najua, najua." Mwenyekiti akamkonyeza. "Wewe nyamaza tu. Haya maneno nitayazima mwenyewe, na kazi zote za chama wilayani ni zako."

Haloo alizikataa kazi hizo palepale. Jioni akasikia kwamba amekataa kwa sababu anadai zaidi. Mkewe alimwekea chakula, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, kweli hukufanya?" Haloo aliacha kula. Hakugomba. Aliumia tu, akaenda kulala na njaa.

Aliyemkata maini hasa ni Mama Nesi, jirani wa nyumba ya pili, muuguzi aliyezalisha karibu watoto wote wa mtaa ule, wa Haloo wakiwemo. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi na spika zilikuwa za Haloo tangu zamani. Akatuma ujumbe kwamba amepata mtu mwingine.

Haloo akakata shauri kwenda kwa Mwalimu. Yule ni mtu wa haki, aliwaza, atanisikiliza. Na tuseme ukweli aliouficha kwa watu wote: siku ile, kwenye kura ya siri, asiye na mtu alikuwa amempigia Mwalimu.

Mwalimu alimpokea sebuleni, akamkaribisha chai. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Najua si wewe," alisema. "Kijana wangu mwenyewe amekiri. Alitaka nisikike, akazidisha."

Haloo alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillahi. Basi Mwalimu, waambie watu."

Mwalimu alitupia jicho dirishani. Nje wafuasi wake walikuwa wamejaa uani, wanangoja. "Tumekata rufaa makao makuu," alisema hatimaye. "Tumeandika kwamba sauti ilikatwa kwa hila. Nikisema leo ni mtu wangu, rufaa imekufa, na hawa walioko nje watakwenda na nani? Nivumilie. Nikipata kiti, nitakusafisha mbele ya watu wote."

"Mwalimu, ni jina langu."

"Ni la kitambo tu, mdogo wangu."

Haloo hakuigusa chai. Njiani aliona jambo lililomfanya asimame katikati ya barabara mpaka akapigiwa honi. Wale wawili, walioshindwa kukubaliana hata nani aanze kusalimia, walikuwa wameafikiana juu ya jambo moja bila hata kukutana: Haloo anyamaze.

Hakwenda nyumbani. Alipiga hodi kwa Mama Nesi.

Mama alikuwa anapanga vikombe vya harusi mezani. Hakumfukuza, ila hakumkaribisha kiti. Ukutani palikuwa na picha ya Mwalimu, ile ya kampeni, imebandikwa vizuri kwa gundi.

"Dada, mimi sikuuza kitu," Haloo alisema.

"Kaka, nilikuwa nataka sana kukuamini." Mama aliendelea kufuta kikombe. "Lakini Mwalimu ameandika mwenyewe kwenye rufaa, kwa mkono wake, kwamba sauti ilikatwa kwa hila. Wanasiasa wengine nimeshaacha kuwasikiliza, wote. Yule hawezi kusema uongo. Kanifundishia wanangu watatu."

Haloo alitazama ile picha, akamtazama na mama. Alijua akitoka vilevile, mama atabaki na mtu wake mmoja wa kumwamini, na yeye atabaki mwizi. Kisha akamweleza yote: sebule, miwani, kijana aliyekiri, rufaa, na ile ahadi ya kumsafisha. Hakutia chumvi. Alisema kila neno kama lilivyosemwa.

Mama Nesi hakumkatiza. Alipomaliza, mama alivuta kiti akakaa, kikombe bado mkononi, na ikaonekana wazi kwamba amesadiki. Haloo alikuwa ameingoja sura hiyo tangu siku ya uchaguzi, na sasa kwa kuwa ameipata hakujua aiweke wapi.

"Njoo na spika zako Jumamosi," mama alisema.

"Ahsante, dada."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa kwa jina lake halisi, lile la kwenye kitambulisho, maana mama ndiye aliyewahi kuliandika kwenye kadi za kliniki za wanawe.

"Afadhali ungeniambia tu kwamba uliuza," alisema Mama Nesi, akiitazama ile picha ukutani. "Ningekuchukia wewe peke yako."