Chupa Zisizo na Stika

Mimi na dada ya marehemu mume wangu hatujawahi kupendana, na sitajifanya kwamba tulianza vizuri tukaja kuharibiwa na chupa. Tulianza vibaya. Siku ya pili ya matanga, wanawake wakimenya ndizi nyuma ya nyumba, alisema kwa sauti kwamba duka la Malaba ni jasho la kaka yake, na mimi mtu wa Nangina, niliyeletwa na ndoa, nisijione mwenye nyumba. Nilimjibu kwamba jasho hilo lilikuwa la watu wawili, na yule aliyebaki hai ndiye atakayefungua mlango asubuhi. Toka hapo tukawa tunasalimiana kwa kidevu.

Duka lenyewe liko kando ya barabara, pale malori yanapongoja kuvuka kwenda Uganda. Foleni ikiwa ndefu, dereva anaweza kukaa siku mbili mbele ya mlango wangu. Ananunua maji, ananunua soda, anakunywa, chupa inaingia mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro unazipeleka mtoni na mto unazipeleka ng'ambo. Nilizitazama zikienda miaka mingi bila kuona kwamba zinanihusu. Nimeuza, nimelipwa, imeisha.

Kisha akaja afisa wa mradi wa kukusanya chupa za plastiki. Alitukusanya wenye maduka na yeyote aliyetaka kusikiliza katika ukumbi wa kanisa, akatuonyesha picha za bahari iliyojaa plastiki na kasa aliyekabwa shingo. Alisema chupa inayotupwa hapa inaingia Uganda, inafika ziwani, inashika Mto Nile mpaka bahari iliyo mbali kaskazini. Wifi yangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Akainua mkono.

"Bahari si iko Mombasa?"

"Ziko nyingi, mama."

"Na hayo maji ya chupa yanatoka Mombasa na lori. Kwa hivyo sisi tunatoa chupa bahari moja tunapeleka ingine."

Watu walicheka. Afisa hakucheka. Alieleza mpango wake haraka haraka: kila chupa ya plastiki itauzwa na shilingi tano juu ya bei, yeye aliziita amana, sisi wote tukaziita dipoziti. Chupa itakuwa na stika ya buluu. Atakayeirudisha dukani, hata kama si yeye aliyeinunua, atapewa zile tano, na mradi utanirudishia mimi. Hakuna aliyeshindwa kuelewa. Sote tulikua tukitumwa dukani na chupa tupu ya kioo, na bila hiyo chupa hukupewa soda.

Alipomaliza akatuonya. "Chupa haina stika, imetoka upande wa Uganda. Huko hakuna aliyelipa dipoziti. Ukiipokea, hasara ni yako."

Madereva hawakuupenda mpango huo. Mmoja alinitupia noti akaniuliza, "Mama, siku hizi unatuuzia hadi takataka?" Nilimwambia arudishe chupa apate pesa yake. Akanywa akinitazama machoni, akaitupa mtaroni taratibu. Wapo waliofanya hivyo kila siku, kwa makusudi, na mimi nikawa nawachukia mmoja mmoja.

Lakini mtaro ulianza kupungua chupa, na aliyezipunguza alikuwa wifi yangu. Alikuwa mkulima wa Adungosi mwenye magoti mabovu na shamba dogo. Mradi ukampa kadi ya mkusanyaji na glavu. Mara mbili kwa wiki alishuka kwenye boda boda mbele ya duka, akaingia mtaroni na gunia, akaufuata mtaro mpaka kwenye daraja dogo karibu na mto. Kisha alikuja kwangu. Angeweza kupeleka kwingine, yalikuwepo maduka manne kwenye mpango. Alikuja kwangu kusudi, ili mimi nimlipe. Nilielewa, na yeye alijua kwamba nimeelewa. Sikuwahi kumpa sarafu mkononi. Niliziweka juu ya kaunta nikageuka kupanga mikate.

Mvua za masika zilipokolea, akaleta gunia ambalo nusu yake chupa hazikuwa na stika.

"Hizi sichukui," nilisema.

"Kwa nini?"

"Hazina stika. Ni za Uganda."

"Nimeziokota hapo chini. Ulikuwa unaniona."

"Niliona ukishuka. Sikuona ulikoenda."

Duka lilikuwa na wateja. Alipindua gunia lote sakafuni, chupa zikabingirika hadi chini ya friji, maji machafu yakarukia unga. Hapo ndipo niliposema nilichosema. Nilimwambia amezoea kudai visivyo vyake, alianza na duka na sasa amefika kwa chupa. Nikasema wazi kwamba ana mtu ng'ambo anayemletea chupa, na kwamba kwa Kiswahili cha kawaida mtu kama huyo anaitwa mwizi.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umesema mimi ni mwizi?"

"Nimesema."

Alizirudisha zile chupa moja moja guniani, akipiga magoti kwa shida, na hakuna mteja aliyemsaidia, wala mimi. Afisa alipopita wiki hiyo nilimweleza. Sikuulizwa ushahidi. Alikwenda akamnyang'anya wifi yangu kadi na glavu. Nilipopata habari niliuza siku nzima nikiwa na furaha mbaya, ile ambayo mtu hamwambii mwingine.

Mtaro ulijaa tena. Aliyekuja baada yake aliokota zile za juu tu, hakutaka kushuka kwenye maji.

Mwezi uliofuata gari la mradi, lile la kuchukua chupa madukani, lilichelewa. Magunia yangu ya chupa yalizidi, nikayatoa nje nyuma ya duka, yakanyeshewa kwa siku kadhaa. Gari lilipofika, afisa alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono, akautoa.

"Hizi hazina stika."

Nilicheka kidogo, nikidhani anatania. Nikachungulia. Stika zilikuwa ndani, kwenye kitako cha gunia, zimekunjamana kama majani ya chai, gundi yote imekwisha. Tulifungua la pili. Ilikuwa hivyo hivyo.

"Nimezipokea mimi mwenyewe," nilisema. "Kila moja ilikuwa na stika."

"Mama, kila mtu anasema hivyo."

"Unaniita mwongo?"

"Mimi nafuata maagizo. Haina stika, imetoka ng'ambo."

Nilimwonyesha zile stika ndani ya gunia. Alizitazama, akasema mtu anaweza kuzibandua mahali pengine akazileta. Nilitaka kumpiga na gunia. Nilisimama pale kwenye tope nikimtukana kwa lugha ya kwetu ambayo hakuielewa, na katikati ya matusi hayo nikanyamaza, kwa sababu nilimwona akilini wifi yangu amepiga magoti kwenye sakafu yangu. Chupa zilizopita majini ndizo zilizopoteza stika. Yaani zile zile ambazo mpango wote ulibuniwa ziokolewe ndizo zilizokataliwa, na aliyekuwa akishuka kuzitoa ndiye niliyemwita mwizi.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Ya tano nikachukua boda boda hadi Adungosi. Nilimkuta akianika mihogo juu ya mwamba. Hakunikaribisha kiti.

"Nimekuja kwa sababu ya lile neno," nilisema. "Halikuwa kweli. Stika zinatoka zikiloa maji."

"Najua zinatoka. Nilikuwa nazishika kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unauliza?"

Aligeuza mihogo upande wa pili. Nilimwambia nitaongea na afisa arudishe kadi. Akanyoosha mgongo akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Zako zimekataliwa?"

Nilikuwa nimekusudia kutolitaja hilo. "Zimekataliwa."

"Basi hukuja kuomba msamaha. Umekuja kwa sababu umenyeshewa. Ingekuwa gari lilifika kwa wakati, mimi ningekuwa mwizi mpaka leo."

Nilirudi Malaba.

Katika mkutano uliofuata pale ukumbini nilisimama nikaeleza yote: magunia, gundi, na kwamba nilimsingizia mwanamke mbele ya watu. Afisa alisema suala la gundi litapelekwa mbele. Nilimwambia asipeleke gundi peke yake, apeleke pia jina alilolifuta. Wifi yangu alikuwa mlangoni, amesimama nusu ndani nusu nje. Nilipomgeukia alikuwa ameshaondoka.

Mpango haukufa, ingawa mimi niliutabiria kifo. Baada ya miezi mingi alama ilianza kuchapwa kwenye chupa yenyewe, maji hayaiwezi. Afisa huyo alihamishwa. Mtaro bado una chupa, lakini chache, na madereva wengine siku hizi hurudisha wenyewe, wakinuna. Wifi yangu alirudishiwa kadi. Anapita mbele ya mlango wangu na gunia lake begani, anatembea na magoti yale hadi duka la mwisho karibu na forodha, ambako anapewa zile zile shilingi tano kwa chupa. Nimemwona akipita kwenye jua kali na kwenye mvua. Mara mbili nilitoka nikamwita. Hakugeuza shingo.

Mwaka huu alifariki shangazi wa wifi yangu na marehemu mume wangu, huko Amukura. Wanawake wa boma tuligawiwa kazi, na aliyegawa, kwa kutojua au kwa ukorofi, alituweka sufuria moja. Tulipika ugali wa watu wengi kuanzia asubuhi, yeye akisonga, mimi nikichochea moto, moshi ukitutoa machozi sote wawili. Adhuhuri ilipokaribia, bila kunitazama, alisema, "Sogeza hizo kuni, moto umeegemea huku."

Nikazisogeza. Hakuongeza neno lingine siku hiyo, na sijamsikia akiongea nami tena.