Fundi wa Chumba cha Mashine

Watu hudhani kuzamia majini ni starehe. Mimi niliifanya kazi hiyo gatini Musoma tangu enzi za kupanga foleni ya sabuni, na ninachokumbuka zaidi ni uchovu: mtungi wa hewa ulionikata mabega, mkanda wa vipande vya risasi vya kunizamisha ulionichubua kiuno, na mpira wa kupumulia wenye ladha ya mafuta machafu. Biashara zilipofunguliwa, gatini wakanipunguza. Akanichukua mfanyabiashara mmoja wa Manyamanyama, kule Bunda, aliyekuwa amenunua meli ndogo ya mizigo iliyozama karibu na Musoma, aiuze chuma chakavu.

Meli ililala ubavu mahali pasipo na kina. Ukisimama juu yake, maji yalikufika kifuani. Ndani, hata hivyo, kulikuwa giza tupu. Nilifanya kazi kwa kupapasa, nikifungua mabomba ya shaba na kuyafunga kamba yavutwe juu, huku visamaki vya furu vikinidonoa vidole. Bosi, mtu wa swala tano lakini asiye na subira, alikaa kwenye mtumbwi akinihimiza nifike chumba cha mashine, maana shaba nyingi ilikuwa humo.

Mji mzima ulijua kwamba meli ile ilimuua mtu mmoja tu, fundi wake wa mashine. Wenzake waliogelea hadi ufukweni. Mjane wake aliuza samaki Kitaji, karibu na kwangu, na tulikuwa tukiitana shemeji. Niliposhika kazi ile alinijia, akasema polepole, "Shemeji, ukimuona, usimwache humo. Niletee."

Nilimuona. Alikuwa nyuma ya mashine, mifupa ndani ya ovaroli iliyojaa tope. Sikuogopa. Nilimhurumia, na jinsi nilivyochoka, nilimwonea hata wivu kidogo kwa kupumzika. Nilimkusanya kwenye gunia taratibu, nikapanda naye. Bosi alisema innalillahi, akatoa pikapu yake bila kuombwa.

Tulikwenda na mjane hadi Kiabakari kwa wakwe zake, ukoo uliohamia huko kutoka Rorya enzi za mgodi. Huko ndiko nilikojua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, hata shemeji mwenyewe. Kwao, mtu akipotelea majini asionekane, huzikwa tunda la yago badala yake, lile refu na zito kama mtoto mchanga. Likishaliliwa na kufukiwa, msiba umekwisha. Kaburi la fundi lilikuwa pale uani, limeshaota majani. Mama yake hakuisogelea pikapu.

"Mwanangu nilishamzika," alisema. "Mtu hazikwagi mara mbili. Kaburi la pili linaitaga mtu mwingine."

Wazee wa boma wakamuunga mkono. Mjane aliwatazama wanawe, waliokuwa wakiishi hapo kwa bibi yao, akaniambia turudi. Njia nzima alilia ameegemea gunia, pindo la kanga mdomoni. Nilikasirika sana, sijui nilimkasirikia nani. Yule bibi naye alikuwa akiwalinda wajukuu zake. Tulipofika ufukweni, mjane aliniomba nimrudishe mumewe nilikomtoa.

Nikazama naye tena. Gunia lilikuwa jepesi, lakini sijawahi kubeba mzigo ulionichosha kama ule. Nilimlaza nyuma ya mashine yake, nikamfunika kwa tope nililochota kwa mikono. Nilipopanda juu nilimwambia bosi, mjane akisikia, kwamba kuta za chumba cha mashine zimeporomoka, hapaingiliki. Alilitazama gunia tupu mkononi mwangu, akasema basi, tuache. Na kazi yangu ikaishia hapo, kwa sababu kilichobaki cha kuuza kilikuwa humo humo.

Hadi leo nanunua samaki kwa yule mjane. Huniwekea sato mnono pembeni, na akiwa anamfunga kwenye gazeti huniuliza, bila kuinua macho, kama kile chumba bado hakiingiliki.

"Bado, shemeji," namjibu.