Hodi Ukutani

Ucheke usicheke, mimi nilikuwepo, na macho ni haya haya unayoyaona. Sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Kama ningekuwa natunga, si ningetunga kitu cha kunipa sifa?

Mimi ni seremala, mtu wa Bungoma. Kafili wangu wa Riyadh, yaani tajiri aliyenidhamini kule Uarabuni, alinituma Jeddah pamoja na Brayo, dereva wake, tuwajengee wanafunzi wa shule moja jukwaa la mchezo wao. Si jukwaa la kukaa ukitazama mbele, la. Watazamaji walitakiwa kuingia ndani ya nyumba yenyewe, wapite chumba hadi chumba, waigizaji wakiwa katikati yao. Kuta zote zilikuwa za uongo: mbele plaiwudi iliyopakwa rangi, nyuma mbao na misumari. Mlango mmoja tu ulikuwa wa kweli, wa zamani, uliotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa mtaa wa Ruwais. Huo niliugongomea kwenye ukuta wa zege wa ukumbi, kwa urembo tu. Nyuma yake hapakuwa hata na nafasi ya kupitisha kisu.

Sasa Brayo na utani wake! Kila akirudi kutoka kwa lori anabisha milango yangu, "Hodi wenye nyumba! Kuna chai?" Nami namjibu, "Karibu, chai mafi, hakuna!" Tunacheka. Mtu akiwa mbali na kwao hucheka na chochote. Mke wangu Nekesa alikuwa amejifungua binti majuzi tu, na kazi hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kabla nirudi nikamshike mtoto wangu.

Alasiri moja Brayo alitoka kufuata rangi. Nimeinama napiga randa, nikasikia, "Hodi." Nikajibu bila kugeuka, "Karibu, pita tu, hapa ni kwako."

Ngoja kwanza. Brayo angecheka. Huyu hakucheka. Nikasikia misumari ikichomoka kwenye zege, mmoja mmoja, kisha bawaba zikalia. Niamini, ule mlango ulifunguka.

Akaingia mwanamke mwenye sare ya kazi za ndani na mtandio, uso wa upole kabisa. "Asante, baba," akasema, Kiswahili safi. "Nimebisha miaka mingi, watu wa hapa hawajui kuitikia. Wewe umesema ni kwangu. Basi kwetu ni wapi?"

Nikanyakua msumeno. Akatabasamu, akanipita kuelekea nje, na hapo ndipo nikamwona mgongo. Mama yangu wee! Mbele mtu, nyuma mbao na misumari, kama kuta zangu.

Brayo alinikuta nimekumbatia msumeno, nalia. Mlango ulikuwa umefungwa, misumari mahali pake. "Buda, umeona nini?" Yeye hakupishana na mtu yeyote.

Kafili alifoka kwa kuwa kazi haikuisha, lakini mimi halas, basi, nilirudi nyumbani. Nikamkataza Nekesa kuitikia hodi kabla ya kuuliza ni nani. Akaona nimerukwa na akili. Mwaka ukapita kimya, nikaanza kujicheka mwenyewe.

Juzi binti yetu alitamka neno lake la kwanza. Nekesa alipiga vigelegele. Mimi nikageuka kumtazama. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, ameelekea ukuta wa chumba cha kulala, ukuta usio na mlango wala dirisha, akipunga mkono. "Kaibu," alisema. "Kaibu."

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, usimkaribishe mtu hujaona uso wake. Na ukishauona uso, mwambie ageuke.