Bibi yake anajua kifua kikuu tu

Habari za humu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, naishi Ikungi na mume wangu pamoja na mama yake. Jina langu lisitoke, mawifi zangu nao wanasoma hapa.

Nina binti wa miaka mitatu. Alikohoa miezi miwili, akakonda mpaka sketi zikawa zinamdondoka. Hospitali wakamkuta na kifua kikuu, na alipopimwa damu akakutwa na virusi vya UKIMWI. Tukapimwa na sisi wazazi, wote tunavyo. Muuguzi alituelekeza kwamba mtoto aanze dawa za kifua kikuu, baada ya wiki mbili tuongeze za virusi, na asikose hata siku moja.

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu akasema mama yake aambiwe kifua kikuu tu. Nilikubali. Hata mimi nilikuwa naona aibu.

Mimi nauza mafuta ya alizeti Singida Mjini, natoka na basi la kwanza. Dawa za asubuhi, za kifua na hizo za virusi ambazo hatukumwambia ni za nini, anatoa mama mkwe. Anampenda mjukuu wake, siwezi kumsingizia. Anaziponda, anamlisha kwa kijiko na uji wa uwele, anambembeleza mpaka amalize. Kikohozi kiliisha, lakini mtoto hakunenepa, na mdomo ukamjaa utando mweupe. Kliniki walipohesabu vidonge vya virusi wakakuta vimebaki vingi mno. Muuguzi akaniuliza mtoto anakunywa nini. Nikamwambia anayempa ni bibi yake.

Jioni nikamuuliza mama mkwe kwa heshima, wala hakuficha. Alisema mtoto akinywa zile anatapika zote, hata za kifua, kwa hiyo zile ameziacha, anampa za kifua tu.

"Kifua kimepona, mwanangu. Hizi nyingine ni za nini?"

Nilimtazama mume wangu. Aliendelea kula.

Nimemsihi tumweleze mama ukweli. Anasema siku nitakayofungua mdomo nirudi kwetu, na mtoto abaki kwao. Abaki na nani, anywe dawa gani? Sasa ni wiki ya pili siendi sokoni ili nimpe mwenyewe, na yale mafuta ndiyo yanayotulisha. Jana mama mkwe alinifuata jikoni, machozi yakimlengalenga.

"Nimekukosea nini, mpaka huniamini na mtoto?"

Nikasema hakuna kitu, mama.

Wenzangu, nimwambie nifukuzwe bila mwanangu, au ninyamaze? Mngekuwa mimi mngefanyaje?