Neno la Shukrani la Edina

Ting! Kijiko kikigonga glasi. Hadi leo Edina akiusikia mlio huo, mkono wake hukimbilia mtandio kuuweka sawa, kwani zamani ulikuwa na maana moja tu: zamu yake, mama pekee mezani, ya kushukuru.

Kiwanda cha mvinyo kilipouzwa kwa wawekezaji, miaka ile ya ubinafsishaji, ilisemekana kwamba bodi isiyo na mwanamke haipendezi machoni pa wafadhili. Akatafutwa Edina, mkulima wa zabibu kutoka kijiji cha Zuzu, mjane mwenye sauti ya upole, akakalishwa karibu na chupa za chai. Picha ikapigwa. Maendeleo yakawa yamefika.

"Bodi sasa imepata ua," alisema Octavian, katibu.

"Ua humwagiliwa, baba," Edina akamjibu huku akimjazia kikombe. "Hili mbona ndilo linalomwagilia?"

Wakacheka sana. Hakuna aliyeinuka kumpokea chupa.

Asubuhi ya mkutano wa mwaka, bodi ililetewa hoja ya kufunga kituo cha kununulia zabibu cha Zuzu. Kikifungwa, Edina na majirani zake wangezibeba kichwani hadi mjini, juani, na zabibu si mtama, hazingoji. Akanyoosha mkono.

"Subira, mama," alisema mwenyekiti, Mzee Batholomeo. "Utapata nafasi yako kwenye shukrani. Hoja hii tutaimaliza baada ya chakula."

Kwenye chakula walikuwepo mkuu wa wilaya, watu wa redio na wakulima wenyewe. Ting! Edina akasimama. Desturi ilikuwa kwamba anayeshukuru hakatizwi. Desturi ya bodi iliongeza kwamba hasikilizwi pia: akivuta pumzi, wanapiga makofi, wanarudi kwenye kuku.

Akamshukuru Mungu. Makofi. Akawashukuru wapishi. Makofi.

"Na naishukuru bodi yetu sikivu, kwa kukubali kituo cha Zuzu kisifungwe."

Mzee Batholomeo akaweka paja la kuku chini, akapiga makofi kuliko wote. Ni vigelegele vya wakulima vilivyomfanya ainue uso. Mkuu wa wilaya alikwisha kusimama kumpa mkono wa pongezi, na kinasa sauti cha redio kilikuwa kinazunguka.

Edina alipoketi, mwenyekiti alimwinamia, tabasamu la wageni likiwa bado limemganda usoni.

"We mama, hilo tuliliamua lini?"

Edina akammiminia chai, akajibu kwa sauti ndogo ambayo redio isingeinasa:

"Mlipopiga makofi, baba."