Mkanda Uliongoja Zamu Yake

Mkanda ulikatika bibi akiwa hewani. Nilisikia kitambaa kinachanika, kisha uzito wake wote ukanijia begani, tukaanguka pamoja kati ya kitanda na kiti chake. Hakupiga kelele. Alinishika mkono akasema, "Pole, mpenzi, nimekuangukia." Yeye ndiye aliyevunjika nyonga, na yeye ndiye aliyeomba radhi.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Edmonton, Kanada, nilikofanya kazi miaka sita; bibi alikuwa mmoja wa wazee niliowahudumia. Mkanda ninaousema ni wa ile mashine ya kuwainua wasioweza kusimama. Unaupitisha mgongoni na chini ya mapaja, unabonyeza, mzee anapanda polepole. Ule ndio ulikuwa peke yake wa saizi ya bibi, na ulianza kufumuka wiki tano kabla. Wala si mimi niliyeuona. Aliuona bibi mwenyewe, maana alishona mapazia maisha yake yote. Aliupapasa kwa kidole akacheka: "Mshono huu nisingemuuzia hata jirani yangu."

Nikaenda kubandika kadi. Ofisini kulikuwa na ubao: kadi nyekundu ni jambo la leo leo, ya njano ni jambo la maana lakini linaweza kungoja. Kila asubuhi meneja alianza na nyekundu, na kabla hajazimaliza zilikuwa zimeongezeka. Kengele imeharibika, mzee amekataa kula, mfanyakazi hajaja. Za njano hazikuguswa. Zilikaa pale mpaka ziwe nyekundu zenyewe.

Mimi nilibandika ya njano. Hilo nalikubali. Sisi tuliotoka mbali tuna ugonjwa wetu: hatumsumbui mkubwa mpaka damu ionekane, tusije tukaitwa walalamishi. Mimi niliishia darasa la sita, lakini hata wenye digrii zao niliofanya nao kazi pale walikuwa na woga huohuo.

Wiki ya pili nikamwambia msimamizi wa zamu, Mkenya mwenzangu, mama wa kanisa.

"Dada, ule mkanda wa bibi unafumuka."

"Kwani umekatika?"

"Bado."

"Basi ukikatika utaniambia. Wacha kiherehere, mama, chumba cha tisa wanapiga kengele."

Tukacheka wote wawili. Nilicheka, Mungu anaona.

Wiki ya nne nikamfuata meneja mwenyewe. Alikuwa anakunywa chai amesimama. Akasema kadi ameiona, mkanda mpya unaagizwa kwa simu moja tu, dakika kumi, atapiga akishamaliza haya ya leo. Ya leo hayakuisha. Na mkanda mpya, tulipokwisha kuanguka, uliletwa kesho yake. Kumbe.

Bibi alifia hospitalini kabla mwezi haujaisha. Mkono wangu haupandi kupita kifua. Nywele nasukwa na binti yangu. Ananiuliza kwa Kiingereza kama inauma, namjibu kwa Kiswahili kwamba haiumi.

Halafu ikaja barua ya uchunguzi. Binti akanisomea mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Inasema mfanyakazi hakukagua kifaa kabla ya kukitumia. Mfanyakazi huyo ni mimi. Inasema hakuna taarifa yoyote iliyotolewa mapema. Meneja ametia sahihi, na chini yake msimamizi, yule mama wa kanisa, ametia yake kama shahidi.

Sahihi yangu wanaingoja. Sitii.

Sitaki wafungwe, wala pole yao siitaki. Nataka meneja aketi mbele yangu, msimamizi kando yake, na mwana wa bibi awepo asikie. Meneja aeleze kwa kinywa chake, wiki tano nzima, hizo dakika kumi alizikosa wapi. Kosa langu mimi nimeshalitaja. Na yeye alitaje lake.